Feni ya rejeta inazunguka muda wote haizimi: anzia wapi kabla hujanunua spea

Hili tatizo limenila hela mimi mwenyewe kwenye Corolla 110 yangu, nimenunua rilei (ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima feni), nimenunua sensa, nikaambiwa na mfuniko wa rejeta umechoka nikaununua na wenyewe, feni iko vile vile, ukifungua swichi ya funguo tu inaanza kuvuma kama jenereta ya saluni na hapo injini haijawashwa hata. Mwisho wa siku ugonjwa ulikuwa waya mmoja. Nitafika kwenye huo waya, ila kwanza tuwekane sawa, maana watu wengi wakiona feni haizimi wanakimbilia kununua sensa na nusu ya hao sensa haihusiki kabisa.

Kitu cha kushika ni kwamba feni ya umeme haijiamulii yenyewe, kuna kitu kinaituma izunguke. Kwa hiyo feni isiyozima ni moja kati ya hivi: imetumwa kihalali kwa sababu gari kweli ina joto (au AC iko on), au imedanganywa na sensa au swichi inayosema kuna joto wakati hamna, au haijatumwa na mtu yeyote, umeme unaifikia tu moja kwa moja. Ukishajua uko kwenye kundi gani kazi imekwisha zaidi ya nusu. Ukianza na kununua spea kabla ya kujua hilo unacheza kamari.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa kweli

Kama unaendesha Hiace, Hilux, Land Cruiser, Canter na ndugu zao wengi wa dizeli, ile feni kubwa imefungwa kwenye injini yenyewe na inazungushwa na injini, hiyo itazunguka muda wote injini ikiwa inaunguruma na hamna rilei wala sensa ya kutafuta. Kinachoharibika pale ni ile klachi ya feni, kile kidude cha duara katikati chenye mafuta mazito ya silikoni ndani, kikiganda feni inakwenda na injini mguu kwa mguu, ukikanyaga mafuta gari inalia kama ndege inataka kuruka na mafuta yanaliwa. Kujua ni rahisi, zima gari, zungusha feni kwa mkono: ikigoma kabisa imeganda, ikizunguka raundi nyingi kama feni ya mezani imekufa upande wa pili, nzuri ni ile inayozunguka kwa uzito uzito fulani. Ila asubuhi gari ikiwashwa ikivuma kwa dakika moja mbili kisha ikatulia, hiyo ni kawaida, mafuta yanajipanga humo ndani.

Feni ya umeme nayo ina sababu halali za kuzunguka. Ukiwasha AC, gari nyingi feni inawaka hapo hapo au inawaka na kuzima ikifuatana na kompresa, na mtu wa Dar ambaye AC haizimi kuanzia Januari mpaka Desemba atasema feni yake haizimi wakati yeye ndo haizimi AC. Ukiweka kile kitufe cha kupuliza kioo cha mbele kisishike ukungu, gari nyingi zinawasha kompresa kimya kimya hata taa ya AC isipowaka, na feni inafuata. Kuna mtu namfahamu kapeleka gari kwa fundi mara mbili kwa hicho kitufe tu, mtoto alikuwa amekigeuza.

Pia gari nyingine, hasa za Ulaya, ukizima ikiwa ya moto feni inaendelea dakika kadhaa kisha inazima. Usiogope hiyo. Ogopa ikifika robo saa haijazima, au ikizima kwa sababu betri imeisha.

Kipimo cha asubuhi

Hiki ndo kipimo nakiamini kuliko vyote na ni cha bure. Gari ilale usiku mzima. Asubuhi zima AC na vile vya kioo vyote, fungua boneti, fungua swichi mpaka on bila kupiga stata, uangalie.

Feni ikizunguka hapo hapo, injini ya baridi: habari ya rejeta kuziba, themostati (kile kilango kinachoyafungulia maji yaende kwenye rejeta), wota pampu, sahau. Injini iliyolala usiku mzima haina joto la kupoza. Ugonjwa wako ni wa umeme, ama sensa au swichi inadanganya, ama waya umekatika, ama rilei, ama mtu kaunganisha direct.

Feni ikizunguka hata funguo iko mfukoni mwako, hapo ni umeme unaopita bila ruhusa, rilei imegandana au waya wa direct, au kwenye gari za kisasa ile moduli ya feni (kiboksi cha elektroniki kinachoiendesha) imekufa. Chomoa terminali ya betri kwanza ndo uendelee kufikiria, maana feni ndogo inakula kama ampea 10 na betri ya saizi ya kawaida haitamaliza usiku.

Feni ikiwa kimya asubuhi, ukawasha gari, ikakaa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) kama dakika 10 au 15 ndo feni ikaingia na baada ya hapo haitoki tena: sasa hapo ndo ujue sensa labda inasema kweli, gari ina joto halipungui, na feni inajitahidi mpaka basi. Hili kundi ndo la hatari, na ndo watu wanalichukulia poa kwa sababu "si feni inafanya kazi".

Toyota za zamani: huku mambo yako kinyume

Corolla 110, Corolla 100, Carina na zile za miaka ya 90 nyingi, feni haisimamiwi na kompyuta ya injini. Inasimamiwa na swichi ndogo ya joto iliyozama kwenye maji, na wengi hawajui kwamba swichi hii inafanya kazi kinyume na unavyotegemea. Injini ikiwa ya baridi swichi imefunga, umeme unapita, na huo umeme unaishika rilei ili feni ISIZUNGUKE. Maji yakifika kama nyuzi 93 swichi inaachia, rilei inaachia, feni inawaka. Yakishuka mpaka kama 83 swichi inafunga tena, feni inalala.

Mjapani alifikiria hivi: waya ukikatika au plagi ikichomoka, bora feni izunguke bure kuliko isizunguke kabisa injini ikafa. Akili nzuri sana hiyo. Lakini maana yake ni kwamba kwenye hizi gari KUKATIKA kwa kitu chochote kwenye njia ya ile swichi ndiko kunakoiwasha feni. Waya umekatika, feni inawaka. Swichi imekufa ikabaki wazi, feni inawaka. Plagi ina kutu, feni inawaka. Waya wa bodi (ethi) umelegea, feni inawaka.

Fundi aliyezoea gari nyingine anakuja, anachomoa plagi ya swichi ajaribu, feni inaendelea, anasema "swichi nzima, tatizo rilei". Anachomoa rilei, feni inazima, anasema "umeona, rilei imegandana". Hajakosea kuona, amekosea kuelewa: ile rilei ikikosa amri ndo inawasha, kwa hiyo kuzima ukiichomoa hakuthibitishi chochote. Ndivyo mimi nilivyonunua rilei. Na usijaribu kuazima rilei ya honi ukaichomeka pale, ile ya feni kwenye hizi gari imejengwa tofauti hata miguu yake haikai sawa.

Sensa nayo nilinunua kwa ujinga wangu mwenyewe. Kwenye injini ile kuna vitu vitatu vinavyopima joto la maji: kimoja cha waya mmoja kinaupeleka mshale kwenye dashibodi, kingine cha waya mbili kinaiambia kompyuta ipange mafuta, na cha tatu ndo swichi ya feni. Niliponunua "sensa ya joto" niliuziwa ya kompyuta, ikafungwa vizuri kabisa, na haikuwa na undugu wowote na feni. Ukienda dukani usiseme unataka sensa ya joto, chomoa ya kwako nenda nayo mkononi.

Sasa kipimo chenyewe. Swichi on, injini ya baridi, feni inavuma. Chomoa plagi ya swichi ya feni. Kama ni ya waya mmoja, chukua kipande cha waya, gusisha ule mdomo wa plagi na chuma safi cha injini. Kama ni ya waya mbili, unganisha zile mbili zenyewe kwa zenyewe. Feni ikinyamaza, kuanzia pale kurudi kwenye rilei kote kuko sawa, mbaya ni swichi, au swichi haigusi bodi vizuri (mtu akiifunga na teipu nyingi ya bomba ile ya waya mmoja inakosa ethi, hiyo nayo nimeiona). Feni ikiendelea kuvuma, njia imekatika mahali kabla ya kufika hapo, au rilei ndo mbovu kweli.

Yangu iliendelea kuvuma. Fundi umeme mmoja mzee, mtu wa maneno machache, hakuchomoa kitu chochote, alishika waya sentimita tatu nyuma ya plagi akauvuta taratibu, ukarefuka. Waya hautakiwi kurefuka. Ulivutika kama lastiki ya nywele, akaupasua kwa wembe, ndani shaba hamna, kuna unga wa kijani tu, lile ganda la plastiki ndo lilikuwa limeushikilia waya uonekane mzima. Akakata mpaka alipokuta shaba inayong'aa, akaunga, akalehemu, feni kimya. Pale ndo maji ya kuoshea injini huwa yanasimama, na mimi gari nilikuwa napeleka kuoshwa injini kwa presha kila mwezi, tena kwa kujisifu.

Gari zenye feni ya kompyuta

Gari nyingi za miaka ya 2000 kuja juu kompyuta ndo inasoma joto na kuamuru rilei. Huku mchomo wa kwanza ni kusoma kompyuta inaona nini. Huhitaji mashine ya bei, kile kidude kidogo cha ELM327 cha bluetooth na programu kwenye simu vinatosha kabisa kwa kazi hii. Chomeka asubuhi, swichi on, tafuta joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Gari iliyolala usiku kucha hizi namba mbili zinatakiwa zikaribiane, kama hewa inasema 28 na maji yanasema 29 au 30 sensa ina akili. Hewa ikisema 28 na maji yakasema 75, sensa inaota. Ikisema hasi 40, waya umekatika au plagi imechomoka, hapa kwetu hamna asubuhi ya hasi 40 hata Makete. Ikisema 130 na kuendelea wakati injini unaishika kwa mkono, kuna shoti.

Taa ya cheki enjini nayo inasaidia, ikiwaka kidude hicho hicho kinakusomea kodi ya kosa. P0118 ni upande wa waya kukatika, P0117 upande wa shoti, P0115 ni sakiti ya hiyo sensa kwa ujumla, P0128 ni gari haifiki joto lake (mara nyingi themostati imebaki wazi au imetolewa), P0480 ni njia ya rilei ya feni yenyewe. Ila kodi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. P0118 haimaanishi nenda kanunue sensa, inamaanisha kagua plagi, waya, halafu ndo sensa.

Sensa yenyewe unaweza kuipima na multimita, weka kwenye omu. Nyingi za Kijapani kwenye nyuzi 20 zinasoma omu 2,000 mpaka 3,000, na kwenye maji ya nyuzi 80 zinashuka mpaka 200 hadi 400. Ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni uone namba inashuka taratibu kadri maji yanavyopata moto. Ikiruka ruka au ikikaa palepale, tupa.

Nissan zina tabia yake ambayo ni vizuri uijue. Kompyuta ikiona sensa ya joto haieleweki, inawasha feni muda wote injini ikiwaka, kwa usalama. Na zile zenye boksi la rilei lenye akili yake kwenye chumba cha injini, boksi likipoteza mawasiliano na kompyuta ya injini linawasha feni lenyewe ukifungua swichi. Kwa hiyo kwenye Nissan feni isiyozima ni kama kengele tu, kitu kingine kimekatika, ukiizima feni kwa nguvu umeivunja kengele.

Rilei za kawaida za miguu minne, zile ambazo sio za kinyume kama za Toyota nilizosema, hizo unaweza kuazima: tafuta nyingine kwenye boksi yenye namba ile ile juu yake, badilishana. Au ichomoe uipime na multimita kwenye mlio, ile miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa isilie rilei ikiwa mkononi. Ikilia, ndani imegandana kama chapati mbili zilizopikwa zimeshikana, hamna cha kugonga gonga na bisibisi, nunua mpya. Ila ujiulize kwa nini imegandana. Mara nyingi rilei inaganda kwa sababu mota ya feni imechoka inavuta umeme mwingi, ukiweka rilei mpya bila kuangalia mota utarudi tena baada ya miezi miwili.

Volkswagen, Mercedes na wenzao, feni haiwashwi na rilei ya kawaida bali na moduli ambayo mara nyingi imekaa kwenye fremu ya feni au karibu na betri, inaambiwa izungushe kwa kasi gani. Mercedes nyingi ikikosa ile amri feni inaenda mwendo wote, makelele mtaa mzima unajua umefika. Volkswagen za umri wa Golf 5 moduli ikifa inaweza kuacha feni inazunguka hata gari imezimwa. Hapa pima kwanza fyuzi, ethi na waya wa amri kabla hujalipia moduli, na ukinunua ya mtumba namba ifanane herufi kwa herufi.

Ile waya usiyoielewa

Kabla ya yote haya kwa kweli, kama gari umeinunua mkononi mwa mtu, piga magoti uangalie waya za feni. Ukiona waya umezungushiwa teipu nyeusi unatoka kwenye feni unaenda kusikojulikana, kuna rilei ya ziada imefungwa na skrubu kwenye bodi, au kuna swichi ndogo chini ya dashibodi ambayo muuzaji alisema ni ya taa, basi umeshapata jibu. Mtu alishaunganisha direct.

Na mara nyingi pamoja na feni direct unakuta themostati imetolewa. Hii mbili ni ndoa. Gari ilichemsha siku moja, mteja ana haraka, fundi akatoa themostati, akaunga feni iwake na swichi, "hapa haitachemsha tena bosi". Kwa siku ile haikuchemsha. Ugonjwa uliokuwa unachemsha gari bado umo ndani umefunikwa blanketi. Na kutoa themostati kwenye Toyota nyingi kunaleta hasara ya pili, themostati zake zina kisahani upande wa chini kinachoziba njia ya mkato, ukiitoa ile njia inabaki wazi, maji mengine yanazunguka ndani ya injini tu bila kupita kwenye rejeta. Foleni ya Ubungo unaweza usione, panda mlima Kitonga na mzigo utaona.

Halafu mota ya feni imetengenezwa kuwaka na kuzima, ikizunguka masaa yote makaa yake (zile brashi za kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota) yanaisha mapema, na siku inayokufa hakuna atakayejua mpaka mshale upande. Bado ule waya wenyewe, mara nyingi mwembamba, hauna fyuzi, umepita karibu na egzosti. Kama ni lazima uendeshe hivyo mpaka mwisho wa mwezi, basi weka fyuzi karibu na betri na waya mnene.

Joto ni la kweli: sasa tafuta linatoka wapi

Tuseme kipimo cha asubuhi feni ilikuwa kimya, ikaja kuwaka na moto, ikakataa kuzima, na simu inaonyesha maji nyuzi 98, 100, 103. Usiamini mshale wa dashibodi hapa, gari nyingi mshale umetengenezwa ukae katikati kwenye nyuzi nyingi tu ili dereva asihangaike, ukianza kupanda mambo yameshaharibika. Passo na Vitz nyingi hata mshale hazina, kuna taa ya bluu na nyekundu tu.

Angalia maji, gari ikiwa ya baridi, kwenye rejeta yenyewe sio kwenye chupa peke yake. Mfuniko wa rejeta ya moto usiufungue hata kama una haraka ya msiba, maji mle ndani yamezidi nyuzi 100 na yanashikiliwa na presha tu, ukifungua yanageuka mvuke usoni kwako. Mfuniko wenyewe umeandikwa 0.9 au 1.1 juu, hiyo ndo presha, na karibu na 1 maji yanavumilia mpaka kama 120 bila kuchemka. Lastiki yake ikikatika unapoteza hiyo faida. Rudishia namba ile ile, sio "yoyote inayoingia".

Kisha kipimo cha karatasi, watu wanakipuuza. Feni ikiwa inazunguka, chukua karatasi ya daftari iweke mbele ya rejeta, upande wa taa. Karatasi inatakiwa inyonywe inate pale. Ikipeperuka kuja kwako, feni inazunguka kinyume, mtu aligeuza waya wakati wa kubadilisha mota. Gari hiyo sailensa itapoa kwa shida, barabarani feni inapigana na upepo, na kompyuta haitaizima kamwe. Karatasi ikinata kivivu sana mota imechoka, au lile kava la plastiki linalozunguka feni halipo, na bila lile feni inanyonya hewa ya pembeni badala ya kupitia rejeta.

Chungulia na tochi katikati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iko mbele yake) na rejeta. Hapo katikati kunakaa vumbi, majani, panzi na mifuko ya rambo mpaka inakuwa kama blanketi, nje unaona safi. Osha kwa maji ya kawaida kutokea upande wa injini kuja mbele, presha kubwa inalaza yale mapezi ukawa umeziba mwenyewe. Na kama feni inagoma kuzima AC ikiwa on tu na ukiizima AC inatulia, muone fundi AC apime presha, gesi ikizidi feni inaendeshwa kwa kasi ya juu muda wote, na "niongezee kidogo" ya bila geji ndo inayoleta haya.

Themostati ipike. Kweli, ivue, iweke kwenye sufuria na kipima joto. Toyota nyingi za petroli inaanza kufunguka 80 mpaka 84 na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikichelewa au ikifunguka nusu, mpya sio ghali.

Rejeta kuziba ndani ni ugonjwa wetu wa taifa sababu ya maji tunayotumia. Dar visima vingi ni vya chumvi na watu wanajaza hayo hayo mwaka mzima, chumvi na kutu vinajenga ukoko. Zima gari ikiwa na moto, chomoa plagi ya feni isije ikakukata vidole, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta: sehemu ikiwa ya baridi kati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba. Ukisafisha au ukibadilisha weka kulanti (yale maji maalumu ya rejeta ya dukani), na ukikosa basi maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri ila sio asidi. Ukimaliza kujaza toa upepo, gari ipande pua juu kidogo, mfuniko wazi, hita weka moto wa mwisho, acha sailensa mpaka mapovu yaishe. Upepo ukibaki mbele ya sensa inasoma mvuke, feni inachanganyikiwa na unarudi mwanzo.

Mapovu yakiwa hayaishi, maji yanapungua na chini pakavu, hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha gari ya baridi, hapo ni gasketi ya silenda hedi na feni haina kosa. Paki gari. Usiendeshe "mpaka Jumamosi".

Ukishatengeneza, pima tena

Chochote ulichobadilisha, usiondoke gereji kabla hujaona feni ikiwaka NA ikizima. AC off, sailensa, simu ikionyesha joto. Feni iingie, joto lishuke, feni itoke, injini ipande tena, feni iingie tena. Mizunguko mitatu kama hiyo. Kwenye za swichi kama yangu hamna simu inayohusika, unasikiliza tu: inavuma dakika moja mbili, inakaa kimya, inavuma tena. Nilikaa pale kwa yule mzee kwenye kiti cha plastiki nikihesabu, mara ya tatu ilipozima yenyewe akaniambia nilipe niondoke, kuna gari inasubiri sehemu. Injini siku hizi naifuta na tambara.